Mtazame askari kwa hatua kumi na saba

Swali la leo limetoka kwa mwalimu wa historia wa sekondari moja huko Sengerema. Nimelifupisha:

"Shikamoo mzee. Natengeneza diorama, yaani mandhari ndogo ya sanamu, ya kifaru chetu na askari njiani kwenda Kyaka, mkoani Kagera, kwenye vita na Idi Amin wa Uganda, Novemba 1978. Ni kwa ajili ya darasa langu, na zaidi kwa ajili ya babu yangu aliyekwenda vita ile kama mgambo. Nina kifaru cha T-55 cha kuunganisha, cha kampuni ya Tamiya, skeli ya 1:35, na askari wanane wa plastiki. Nimewapaka rangi mara mbili na mara zote mbili nimeshindwa. Rangi inabanduka, nyuso zimekuwa kama vinyago, na babu alipowaona aliuliza, 'Hawa wameshtuka nini?' Ngozi nimepaka kahawia, vivuli nyeusi, na penye mwanga nikaongeza nyeupe kama video zinavyoelekeza. Nimekosea wapi? Na je, naweza kutumia udongo halisi?"

Marahaba, mwalimu. Picha nne ulizotuma nimezitazama jioni nzima, na nitaanza na babu, maana yeye ameliona kosa kubwa kuliko yote kwa kutupa jicho mara moja. Askari wako wameshtuka kwa sababu umewapa macho meupe.

Chukua rula. Sanamu ikiwa sentimita 50 kutoka usoni mwako, kwa skeli ya 1:35, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 35, unamtazama mtu aliye mita 17 na nusu kutoka uliposimama. Mtu wa sentimita 170 anabaki na urefu usiofika sentimita 5. Jicho ambalo uwazi wake ni sentimita 1 linakuwa milimita 0.3, wembamba wa uzi wa kushonea. Kesho mchana nenda stendi ya Sengerema, hesabu hatua ndefu kumi na saba kutoka kwa konda yeyote aliyesimama juani, umtazame. Weupe wa jicho huuoni. Unachoona ni kivuli chini ya paji la uso, mstari mweusi wa kope, kivuli pembeni mwa pua, na kivuli kingine chini ya mdomo wa chini. Tena kwenye jua la saa saba mtu hafumbui macho yote, anayakunja. Kwa hiyo futa macho yale. Chora mstari mmoja mwembamba wa kahawia iliyokolea mahali pa jicho, uache hapo. Yule mmoja aliye kivulini, chini ya turubai, unaweza kumwekea nukta ndogo ya kijivu cha joto kila upande wa mboni, na hata yeye si lazima.

Hatua hizo kumi na saba zishike, maana nitazirudia mpaka kwenye matope.

Sasa ngozi, na hapa nitakaa, kwa sababu ndipo vijana wengi wanapopotezwa. Maelekezo mengi yanayozunguka mitandaoni yameandikwa na watu wanaopaka Wajerumani, Warusi na Wamarekani wa Vita Kuu ya Pili. Kwao mwanga wa ngozi unapatikana kwa kuongeza nyeupe. Ukiongeza nyeupe kwenye kahawia unapata kijivu, na kijivu kwenye ngozi ya mtu mweusi sote tunakijua: amepauka. Ni mtoto aliyetoka kuoga ziwani akakaushwa na upepo kabla mama yake hajamkamata ampake mafuta. Askari wako wanane wote wamepauka, na ile nyeusi ya kwenye vivuli imewafanya waonekane kama waliopakwa masizi ya sufuria.

Tyubu ya nyeusi ifungie kabatini. Unahitaji kahawia iliyokolea, nyekundu ya matofali, njano ya udongo na buluu iliyokolea, zile rangi za maji za akriliki zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule. Rangi ya msingi ni kahawia sehemu tatu, nyekundu sehemu moja, na buluu kiasi cha ncha ya kijiti cha meno. Paka uso, masikio, shingo na mikono. Ikikauka, chukua mchanganyiko uleule, ongeza buluu na nyekundu mpaka uelekee rangi ya bilinganya, ndiyo vivuli vyako: chini ya ukingo wa kofia, kwenye tundu la jicho, pembeni mwa pua, chini ya taya. Kisha rudi kwenye rangi ya msingi, safari hii uongeze njano ya udongo kidogo kidogo mpaka ifikie chai iliyotiwa maziwa machache. Hiyo iguse mfupa wa shavu, mgongo wa pua, kidevu, na ukingo wa juu wa sikio. Usivuke hapo.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu ngozi yetu. Inang'aa. Jua la mchana likipiga paji la uso lenye jasho, ile nuru unayoiona pale haina rangi ya ngozi kabisa, ina rangi ya anga. Niliijua kazi hii kwa kutazama wachukuzi wa magunia ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, enzi nikiandika majina kwenye mitumbwi. Saa nne asubuhi mabega yao yalikuwa na mistari ya buluu iliyofifia, na saa kumi na moja jioni mistari ileile ilikuwa ya rangi ya machungwa. Watu walewale, ngozi ileile, anga ndiyo iliyobadilika. Kwa hiyo mwisho kabisa changanya buluu, njano ya udongo na tone la nyeupe. Ni hapo tu nyeupe inaporuhusiwa. Weka nukta moja kwenye paji la uso na nyingine kwenye ncha ya pua, ndogo kiasi kwamba mtu akiuliza ziko wapi umwonyeshe kwa sindano. Zikikauka, zipitishie varnishi yenye mng'ao kidogo, wakati sare ibaki bila mng'ao wowote. Tofauti hiyo ya nguo na ngozi inampa sanamu uhai kuliko rangi yoyote utakayonunua.

Viganja viwe vyeupe kuliko mgongo wa mkono: njano ya udongo, nyekundu kidogo, na kahawia ya kutuliza. Mdomo wa chini uelekee wekundu. Na usiwapake wote wanane kwa sufuria moja. Mgambo walitoka kila kona ya nchi, na hata ndani ya nyumba moja watoto hawafanani ngozi. Tengeneza michanganyiko mitatu, mmoja mwekundu zaidi, mmoja wa bilinganya zaidi, mmoja wa njano zaidi, uwagawie bila mpango.

Pua na midomo ya sanamu zako zilichongwa kwa sura za Ulaya. Rangi peke yake haitaziba pengo hilo. Tone dogo la puti kila upande wa pua, ulilainishe kwa kijiti chenye maji, na tone la gundi nyeupe nzito kwenye midomo, vinatosha. Fanya hayo kabla ya rangi.

Kubanduka kwa rangi ni jambo fupi. Hukuosha. Plastiki hutoka kiwandani ikiwa na ute wa mafuta unaosaidia kipande kutoka kwenye kalibu, na rangi ya maji haikai juu ya mafuta. Osha kila kitu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa mswaki wa zamani, uache ikauke usiku mzima. Baada ya hapo usiishike sanamu kwa vidole. Igandishe juu ya kizibo cha chupa na ushike kizibo. Kisha praima, rangi ya kwanza inayozishikisha zile za juu. Ile ya kijivu ya mafundi wa magari inafaa, ila iwe ya kopo la kupuliza, na upulize kwa mbali, vumbi jembamba mara tatu, ukiipa kila moja muda wa kukauka. Ukiisogeza karibu ikalowanisha plastiki, thina yake inaiyeyusha. Niliwahi kupoteza uso wa askari kwa njia hiyo, pua ikalainika na kushuka hadi mdomoni, na alikuwa ndiye niliyemchonga kwa siku tatu. Pulizia asubuhi. Mchana upepo wa ziwani unainuka, rangi inakauka hewani kabla haijafika, unabaki na sanamu iliyokwaruza kama msasa. Jioni napo, ukiwasha taa, wale wadudu wadogo wa ziwani wanakuja kwa maelfu na rangi mbichi ndiyo kitanda chao.

Rangi yenyewe iwe kama maziwa, isiwe kama mtindi. Picha yako ya tatu inaonyesha mikunjo ya shati imezibwa kabisa. Zimua kwa maji, paka mara tatu nyembamba, na kila mara futa brashi kwenye kitambaa kabla haijagusa sanamu. Umesema umenunua brashi nyembamba kuliko zote. Ibadilishe na namba 1 au 2 yenye tumbo na ncha kali, kwani ile nyembamba haibebi rangi, inakauka njiani kati ya kigae unachochanganyia rangi na uso wa sanamu.

Sare ya JWTZ unayoiona leo kwenye gwaride usiipeleke 1978. Tafuta picha za wakati ule, anzia kwenye masanduku ya wazee waliorudi. Kitambaa chochote kilichofuliwa na kuanikwa juani hupauka mabegani, magotini na kwenye mishono, na mtu mwenye jasho hulowa mgongoni na kwapani. Fuata hivyo viwili tu kwa sare nzima.

Tuje kwenye kifaru, na hapa una uamuzi wa kufanya. Vifaru vikubwa vya jeshi letu wakati ule vilikuwa Type 59 vya China, na Type 59 ni nakala ya T-54 ya Kisovieti, kaka mkubwa wa hiyo T-55 uliyonunua. Ukitazama haraka ni kitu kimoja: magurudumu matano makubwa kila upande, nafasi pana kati ya la kwanza na la pili, mzinga wa milimita 100. Lakini T-54 na Type 59 zina kifuniko cha kupitishia hewa, mviringo kama uyoga, juu ya kile kichwa kinachozunguka, upande wa kulia mbele ya mlango wa mpakia risasi. T-55 haina. Kitengeneze kwa kifungo cha shati la mtoto kilichosuguliwa kwa msasa. Ukikiacha kifaru kama kilivyotoka kwenye boksi kitafanana zaidi na vile vya upande wa Amin, na mzee aliyekuwepo atakiona.

Kijani cha kiwandani ni kizito mno kwa skeli hii. Ukisimama hatua kumi na saba kutoka kwenye lori, hewa na vumbi vimeshaifuta rangi yake kidogo, kwa hiyo ongeza njano ya udongo na kijivu mpaka uone umezidisha kidogo. Baada ya varnishi itarudi. Kutu umeipaka kila mahali. Iondoe. Chuma kinene cha kifaru kinachotumika kila siku hakigeuki rangi ya machungwa kwa wiki chache. Weka kutu kwenye bomba la moshi, kushoto, kwa sababu joto huunguza rangi pale, na ndani ya minyororo. Minyororo isiwe ya fedha: kahawia ya giza, na sehemu zinazosuguana na barabara peke yake ndizo zing'ae. Penseli ya kawaida ikisuguliwa pale inatoa mng'ao wa chuma kuliko rangi yoyote. Pale wanapopandia askari, vumbi huondoka na rangi huchubuka. Wachagulie askari wako njia moja ya kupandia, uichubue hiyo.

Udongo halisi, ndiyo, utumie, na nikueleze kwa nini unakuangusha ukiutumia kama ulivyo. Chembe ya mchanga ya milimita 1, kwa skeli yako, ni jiwe la sentimita 3 na nusu. Udongo uliochota nyuma ya nyumba ukiumwaga juu ya gundi, umewatembeza askari wako juu ya kokoto. Ukaange kwanza kwenye kikaango kikavu mpaka uache kutoa mvuke, hapo mayai ya wadudu na ukungu vimekufa. Utwange. Uchekeche kwa soksi ya nailoni ya kike, mara mbili. Kinachopita kwenye soksi ni vumbi, kinachobaki ni changarawe, na vyote vina kazi yake. Ukipata ndugu wa kukuletea kifuko kimoja cha udongo mwekundu wa Kyaka kwenyewe, itakuwa vizuri kuliko vizuri. Babu ataujua.

Lakini ulisema Novemba, na picha zako zimejaa vumbi. Novemba Kagera ni mvua za vuli. Daraja la Kyaka lilivunjwa na majeshi ya Amin tarehe 3 Novemba 1978, na wenzetu walikwenda kule wakati barabara za udongo zimelowa. Kwa hiyo changanya vumbi lako la soksi na gundi nyeupe, maji, na tone la sabuni ya vyombo ili lienee, ulipake chini ya kifaru, kwenye magurudumu, na kwa nyuma ambako minyororo hurusha juu. Lianze jingi chini, lipungue kadiri unavyopanda. Likikauka litapauka, usihofu: pale unapotaka matope mabichi pitisha varnishi yenye mng'ao, yatakolea na kumeremeta, na pembeni uache yaliyoanza kukauka. Kwenye alama za minyororo barabarani weka varnishi tabaka tatu, maji yatuame.

Halafu, na hili ndilo kosa ninaloliona kwenye diorama nyingi, mpake kila askari matope yaleyale kutoka kikombe kilekile. Buti mpaka kwenye vifundo, suruali mpaka chini ya goti, kitako cha bunduki kwa yule aliyeiegemea. Kwenye picha yako ya nne watu wanane wamesimama kwenye matope wakiwa na viatu vya kwenda kanisani. Wanaelea. Matope ndiyo yatakayowashusha chini.

Migomba umeiweka, na nimefurahi, maana Kagera bila mgomba si Kagera. Ila ya kwako inafika kiunoni kwa askari. Mgomba wa mita 4 ni sentimita 11 na nusu kwa skeli hii, zaidi ya mara mbili ya urefu wa mtu. Kata upya kwa karatasi ya daftari, chana majani kwa wembe kuelekea kwenye uti wa jani kama upepo unavyoyachana, na yale ya chini yawe ya kahawia, yameinama.

Nikuambie pia kwa nini swali lako limenifanya niandike kirefu. Dukani hakuna boksi la vita hii. Kijana wa Mwanza anaweza kuagiza kila kifaru cha Ujerumani cha mwaka 1944 pamoja na kitabu cha rangi zake, lakini vita hii iliyofika mpaka mlangoni kwake haipati: mwaka 1979 ndege ya mabomu ya Libya aina ya Tu-22, iliyokuja kumsaidia Amin, ilitumwa kupiga bohari la mafuta hapahapa Mwanza mjini, ikakosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Kisiwa kile unakiona ukisimama Capri Point. Wanafunzi wako wanapita hapo kwenye ziara za shule wakipiga picha na hawajui. Wewe umeamua kuwajengea kwa mikono yako, kwa hiyo jenga polepole.

Usimwanze askari wa mbele. Anza na yule aliyesimama nyuma ya kifaru, anayeonekana mgongo na nusu shavu, ujifunzie ngozi kwake. Wa pili awe aliye kivulini. Ukifika kwa yule anayetazama mbele, mkono utakuwa umeshazoea.

Na wote wanane wakishakauka, usigandishe hata mmoja. Weka ubao mezani karibu na dirisha, uinue kwa vitabu mpaka uwe usawa wa macho ya mzee akiwa ameketi, umpe askari wake kwenye sahani, umwache awapange mwenyewe. Wewe shika gundi na daftari.